Fundi aliyeshindwa kuketi: uchambuzi wa kisa cha kiharusi cha ubongo wa nyuma

Kuhusu kisa hiki

Nimekiandika kwa ajili ya matabibu na wauguzi wa zahanati, wenzangu wa fiziotherapia, na familia zinazouguza mtu ambaye hajapooza lakini hawezi kusimama. Mgonjwa na mkewe wameridhia. Jina, mji, tarehe na vituo vya afya vimeondolewa, na mambo machache ya nyumbani yamebadilishwa.

Mgonjwa

Tumwite Fundi, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, fundi cherehani katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania: kanzu, sare za shule, mapazia. Anatumia cherehani ya kukanyaga na mkono wake wa kazi ni wa kulia. Presha yake ilijulikana miaka mingi. Aliandikiwa vidonge, akavinywa mpaka alipojisikia vizuri, akaacha. Ujanani alikuwa mnywaji wa mnazi. Aliacha zamani, ila mji mdogo hausahau, na kumbukumbu hiyo ya mtaa ilichangia kumchelewesha.

Siku tatu za kwanza

Siku ya kwanza asubuhi, akiwa anakata kitambaa, kila kitu kilianza kuzunguka. Akatapika, kisogo kikamuuma. Alipojaribu kuinuka aliangukia upande wa kulia. Alipojaribu tena, akaangukia kulia kulekule. Vijana wa kijiweni walimpakia kwenye bajaji, mmoja akasema kwa sauti, "Mzee kayarudia." Mkewe alimnusa mdomo kabla ya kumuuliza mtu neno lolote. Hapakuwa na harufu ya pombe.

Nyumbani alilazwa kitandani na kupewa maji ya ndimu. Akitulia na kufumba macho, kizunguzungu kilipungua. Akigeuza kichwa, alitapika. Jioni walimpeleka zahanati. Presha ilikuwa 200/115, joto la kawaida, kipimo cha malaria hasi. Tabibu alimtazama uso: haujapinda. Alimwambia ainue mikono, akainua yote miwili. Alimwambia abane vidole, akabana kwa nguvu zote. Maneno yalitoka mazito na ya kukatikakatika, jambo ambalo kwa mtu aliyetapika tangu asubuhi halikumshtua mtu. Aliwekewa dripu, akachomwa sindano ya kuzuia kutapika, akapewa nifedipini ya kushusha presha haraka na vidonge vya kizunguzungu. Daftari liliandikwa: presha ya kupanda, kizunguzungu.

Vipimo vyote hivyo alifanyiwa akiwa amelala. Alipopewa ruhusa alitoka mlangoni akiwa ameshikiliwa na watu wawili huku miguu ikienda ovyo, na waliompa ruhusa walimwona akitoka hivyo.

Siku ya pili shemeji yake alimleta sheikh, Fundi akasomewa na kunyweshwa kombe. Sitalifanya hilo kuwa kosa la kisa hiki. Familia ilikuwa imeshakwenda zahanati, ikaambiwa ni presha, mgonjwa hakupata nafuu, wakatafuta kwingine. Ukimpa mtu jibu lisilolingana na anachokiona kwa macho yake, atakwenda kutafuta jingine.

Siku ya tatu maumivu ya kisogo yalizidi, ikaja kwikwi isiyokatika, na Fundi akawa anasinzia katikati ya maneno. Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Mtu wa kizunguzungu halali hivi," alimwambia kaka yake, akaita bajaji mwenyewe.

Hospitalini: kumketisha

Daktari wa zamu alimkuta anaamka akiitwa, anajibu kwa kuchelewa. Sukari ilikuwa ya kawaida. Nguvu za mikono na miguu kamili, uso sawa. Mpaka hapo karatasi yake ilifanana na ya zahanati. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa siku tatu: alimketisha ukingoni mwa kitanda, akaachia mikono. Fundi akaenda kulia moja kwa moja, akadakwa na muuguzi.

Baada ya hapo mengine yalifuata haraka. Alipoambiwa aguse pua yake na kisha kidole cha daktari, mkono wa kushoto ulikwenda sawa. Wa kulia ulipita pua ukagonga shavu, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ulivyotetemeka. Kupindua viganja harakaharaka juu ya paja: wa kulia ulipoteza mdundo. Kushusha kisigino juu ya ugoko: cha kulia kiliteleza huku na huku. Akitazama kulia, mboni zilichezacheza kuelekea kulia. Akitazama kushoto, zilibadilika zikacheza kuelekea kushoto. Kizunguzungu kinachotoka sikioni hakibadili upande namna hiyo.

Picha ya CT ilionyesha eneo jeusi upande wa kulia wa ubongo mdogo, yaani serebela, bila damu iliyovuja. Uvimbe ulikuwa umeibana chemba ya nne ya maji ya ubongo, na chemba za juu zilikwisha kuanza kutanuka.

Sehemu hii ya ubongo inafanya nini

Serebela iko kisogoni, chini ya ubongo mkubwa. Kwa ukubwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ubongo wote, lakini imebeba zaidi ya nusu ya seli zake za neva. Haianzishi mwendo wala haitoi nguvu. Kazi yake ni kupima: mkono uende umbali gani, usimame lini, msuli upi ulegee wakati mwenzake unakaza. Ikiharibika, nguvu hubaki na kipimo hupotea. Mkono huzidisha au hupunguza, miguu hutanuka kutafuta mizani, maneno hutoka vipandevipande. Tofauti na ubongo mkubwa, ambao upande wake wa kushoto huendesha mwili wa kulia, serebela husimamia upande wake yenyewe. Ndiyo maana jeraha la kulia lilimwangusha Fundi kulia.

Mengi ya tunayoyapima leo kitandani yalielezwa kwa undani na Gordon Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu mzaliwa wa Ireland aliyewachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuwa na CT. Alikuwa na wagonjwa, na alikuwa na subira ya kuwatazama wakisogea.

Hatari kubwa ya kiharusi hiki huja baada ya siku ya kwanza. Ubongo uliokosa damu huvimba, na uvimbe huwa mbaya zaidi kati ya siku ya pili na ya nne hivi. Kisogoni nafasi ni finyu. Serebela ikivimba huziba njia ya maji ya ubongo na kukandamiza shina la ubongo, ambako upumuaji na fahamu husimamiwa. Kwikwi na usingizi wa siku ya tatu vilikuwa vinasema hivyo.

Maamuzi ya usiku ule

Uamuzi wa kwanza ulihusu rufaa: usiku uleule au asubuhi. Hospitali haikuwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, na gari la wagonjwa lilikuwa moja. Hoja ya kusubiri ilikuwa kwamba Fundi bado anajibu. Daktari wa zamu aliigeuza hoja hiyo: anajibu sasa, kwa hiyo ndio wakati wa kumsafirisha, maana akiacha kujibu atahitaji mashine ya kupumua njiani. Waliondoka kabla ya saa sita usiku, kichwa kikiwa kimeinuliwa, manitoli, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ikiingia kwenye mshipa, na muuguzi akimwamsha kila baada ya muda mfupi na kuandika anavyojibu.

Presha, iliyokuwa 195/110, iliachwa makusudi. Ndugu walilalamika, na nawaelewa. Lakini kwa kiharusi cha mshipa kuziba, ikiwa mgonjwa hapewi dawa ya kuyeyusha bonge la damu, mwongozo wa kawaida wa siku za mwanzo ni kutoishusha mpaka ivuke 220/120, kwa sababu eneo la ubongo linalopigania uhai hutegemea msukumo huo. Dawa yenyewe ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Siku ya tatu haikuwa hata na maana ya kuijadili. Aspirini iliahirishwa kwa sababu upasuaji ulikuwa unanukia. Hakupewa chochote mdomoni: muuguzi alimjaribu kwa kijiko cha maji, akakohoa, akawekewa mpira wa kulishia.

Hospitali ya rufaa alifika fahamu zikiwa zimeshuka zaidi. Madaktari wa upasuaji walikuwa na njia mbili: kupitisha mpira wa kutoa maji ya ubongo peke yake, au kufungua pia mfupa wa kisogo ili uvimbe upate nafasi. Mpira peke yake ni kazi ndogo na ya haraka. Tatizo ni kwamba ukipunguza maji upande wa juu huku chini kumevimba, serebela inaweza kusukumwa kwenda juu, na mgonjwa akazidi kuharibika. Waliamua kufanya vyote viwili.

Shemeji alikataa. "Kichwa kikifunguliwa, mtu harudi." Daktari hakubishana naye. Alimwonyesha picha, akamwekea kidole pale palipobanwa, akamwambia kwamba mfupa utakaotolewa uko nyuma, chini ya nywele, na kwamba sehemu inayomfanya shemeji yake awakumbuke na kuongea nao bado ni nzima. Mke alitia saini.

Kurudi na kuanza mazoezi

Fundi alirudishwa kwetu wiki kadhaa baadaye, jeraha likiwa limepona na mpira wa maji umetolewa. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mapigo ya ovyo. Chanzo kilichobaki ni presha ya miaka mingi. Alikuwa sasa anatumia amlodipini ya presha, aspirini ya kuzuia damu kuganda na atovastatini ya kushusha mafuta ya damu.

Tulimpima kwa SARA, kipimo cha mizani na mpangilio wa mwendo chenye vipengele vinane: kutembea, kusimama, kuketi, kuongea, na vinne vya mikono na miguu. Sifuri ni hakuna shida, 40 ni hali mbaya kabisa. Fundi alipata 21. Aliketi bila kushikwa kwa sekunde chache tu. Lakini alipokushika mkono ungedhani hana ugonjwa wowote.

Hapo ndipo mazoezi mengi huharibikia. Mpango aliotoka nao wodini ulikuwa wa mifuko ya mchanga: ifunge kifundoni, inua mguu, rudia. Ni mpango mzuri kwa aliyepooza. Kwa Fundi ulikuwa unaongeza nguvu kwenye mguu ambao tatizo lake halikuwa nguvu. Tuliuacha. Tukaanza na kuketi: mikono mapajani, kisha mkono mmoja ukifuata kitu, kisha yote miwili. Tukaenda kwenye kutambaa kwa magoti na viganja, kuinua mkono mmoja, kuinua mguu wa upande wa pili. Halafu kusimama kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo ukiyumba kuta mbili zinakupokea na huhitaji kumwogopa mtu. Polepole, mara nyingi, kila siku, na kila mara kwenye ugumu ambao angekosea kidogo. Asipokosea kabisa, serebela iliyobaki haina cha kujifunza. Akianguka kila mara, anachojifunza ni woga.

Swali la fimbo lilitupa kazi. Alikuwa amepewa mkongojo mmoja, kama apewavyo kila mzee. Aliushika kwa mkono wa kulia, mkono uleule usiojua kupima, na mkongojo ukawa kitu kingine cha kujikwaa. Tukaamua kumpa fremu ya kutembelea. Za madukani zilikuwa nyepesi mno, zikayumba pamoja naye. Fundi vyuma wa jirani alichomelea moja yenye magurudumu mawili mbele na kujaza mchanga kwenye mabomba ya chini. Uzito huo wa chini ulimtuliza kuliko kifaa kingine chochote tulichojaribu.

Sala iligeuka sehemu ya tiba bila sisi kuipanga. Alikuwa anaswali kitini na hakuridhika. Tulikubaliana ngazi: kwanza kiti, kisha mkeka ubavuni mwa ukuta huku mwanawe akiwa nyuma, rukuu kwanza, sijida baadaye kwa sababu kuinamisha kichwa kulirudisha kizunguzungu. Ukihesabu mara anazoinama na kuinuka kwa siku katika sala tano, hakuna karatasi ya mazoezi ambayo ingemfanya arudie kiasi hicho kwa hiari.

Cherehani tuliirudisha mapema, nadhani mapema kuliko alivyotarajia mkewe. Ilianza bila uzi: kukanyaga tu, kwa mdundo, mguu wa kulia ukifundishwa na wa kushoto. Kisha karatasi chini ya sindano, afuate mstari wa chaki. Matundu ya sindano yalituonyesha wiki hadi wiki jinsi mkono ulivyokuwa unapotoka. Kisha kitambaa. Mkasi tulimnyima, na hilo lilimuuma kuliko fremu.

Alianguka nyumbani, usiku, njiani kwenda choo cha nje. Hakuvunjika. Ni hadithi ya kawaida: mtu wa namna hii hutumia macho kufidia mizani, ukizima taa umemnyang'anya fidia yake. Familia iliweka taa ya sola ukutani, kamba ya kushika kuanzia mlangoni, na ndoo chumbani kwa ajili ya usiku wa mvua.

Kilichobaki kigumu kilikuwa barabarani. Alipoanza kutoka na fremu, akiyumba na maneno yakiwa mazito, kondakta mmoja alimkatalia kupanda daladala. Akakaa ndani majuma mawili. Tulimtengenezea kadi ndogo yenye muhuri wa hospitali: mwenye kadi hii aliumwa ubongo, anayumba na kuongea polepole, hajalewa, tafadhali msaidie. Alisema ni aibu kutembea na barua ya kujitetea. Akaichukua.

Matokeo

Miezi sita baada ya kiharusi SARA yake ilikuwa 8. Anatembea bila fremu mahali palipo tambarare na mchana. Sokoni na penye mchanga anaibeba. Hawezi kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari mmoja. Maneno yanaeleweka ila ni ya polepole. Anashona mishono iliyonyooka: mapazia, mashuka, sare. Kukata na matundu ya vishikizo kumehamia kwa mwanawe, na kanzu za kutarizi hazipokei tena. Presha yake siku hiyo ilikuwa 138/84, na mkewe ndiye mshika vidonge.

Uchambuzi

Wengi tunafundishwa kiharusi kwa alama tatu: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kupotea. Alama hizo hukamata viharusi vingi vya mbele na hupitwa kwa urahisi na cha nyuma. Ndiyo sababu wapo walioongeza mbili: mizani na macho. Hata kipimo cha NIHSS, kinachotumika hospitali kubwa duniani kote kupima uzito wa kiharusi, hakina kipengele cha kumtembeza mgonjwa. Mtu anaweza kupata alama ndogo kabisa na asiweze kufika mlangoni. Tabibu wa zahanati alifanya alichofunzwa, na alikifanya sawasawa. Kasoro iko kwenye alichofunzwa, na dawa yake ni ndogo: mgonjwa wa kizunguzungu cha ghafla aketishwe bila kushikwa, kisha asimamishwe. Wa sikio huyumba, anachukia kusogea, lakini kwa kawaida anaketi. Asiyeweza kuketi apewe rufaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Wapo watakaosema CT ya siku ya kwanza ingeokoa muda. Nina shaka. CT huonyesha damu iliyovuja vizuri sana, lakini kiharusi cha kuziba kisogoni hukificha katika saa za mwanzo, maana mifupa minene ya huko huchafua picha. Angeweza kupewa picha safi na kurudishwa nyumbani na uhakika wa uongo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba vipimo vitatu vya macho na kichwa, vinavyofanywa kitandani kwa dakika chache, vilikamata viharusi hivi kuliko MRI ya mapema, kwa sharti kwamba vifanywe na aliyefunzwa na kwa mgonjwa ambaye kizunguzungu bado kinaendelea. Kumketisha mgonjwa hakuhitaji hata mafunzo hayo.

Maneno "presha imepanda" yalifunga mlango. Presha ya 200 kwa mtu mwenye kiharusi kipya mara nyingi ni jibu la mwili kwa ubongo ulioumia, na kuishusha ghafla kwa nifedipini kunaweza kulinyima damu eneo linalozunguka jeraha. Siwezi kudai ilimwongezea Fundi madhara. Hakuna namna ya kulijua hilo. Ila presha ya juu ilipaswa kuzua swali, nayo ikachukuliwa kuwa jibu.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni rufaa ya usiku. Dirisha la siku ya tatu ni fupi, na wengi wanaofanyiwa upasuaji huu wakiwa bado wanaitika huja kuishi maisha ya maana. Hilo linastahili kusemwa wazi wodini, kwa sababu hofu ya shemeji ni hofu ya watu wengi, wakiwamo wauguzi.

Gharama nazo ziliamua mambo. Fundi hakuwa na bima. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ilimpa msamaha wa sehemu, mchango wa mtaa ukamalizia, pamoja na wale vijana wa kijiweni. Baada ya kurudi, nauli ya kuja mazoezini ilishinda uwezo wao, ndipo tukahamishia kazi nyumbani na kumfundisha mwanawe. Naona sasa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa njia bora tangu mwanzo: mara moja kwa wiki kwetu isingefua dafu mbele ya kila siku nyumbani.

Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam wa kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Vya ubongo mdogo ni sehemu ndogo ya hivyo, na ndiyo sababu tabibu mmoja anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana nacho, kisha kikaja jioni moja kikiwa kimevaa sura ya malaria, ya mlevi au ya presha. Kwenye kitengo chetu fomu ya kumpokea mgonjwa wa kizunguzungu sasa ina mistari miwili mipya, kabla ya ule wa presha: ameketi bila kushikwa? ametembea hatua ngapi? Zahanati mbili za jirani zimeinakili. Fundi mwenyewe, alipoisikia habari hiyo, aliuliza kama fomu ina mahali pa kuandika kwamba mkewe alimnusa mdomo.